Ndege Ndogo Inamfaa Asiye na Haraka

Ukikaa na marubani wa pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo jijini Nairobi, hukawii kusikia hesabu yao. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, hukata takriban kilomita 220 kwa saa. Nairobi hadi Mombasa kwa angani ni kilomita 440 hivi. Kwa hiyo saa mbili tu, umefika, na mwenye gari bado anahangaika nyuma ya malori ya Emali.

Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila imeanza kuhesabiwa ndege ikiwa tayari hewani. Kabla ya hapo kuna foleni ya Lang'ata, kuwasilisha mpango wa safari, kukagua ndege mzunguko mzima, kuchota mafuta kidogo kuangalia kama yameingia maji, kisha kusubiri zamu ya kuruka. Ukitua Mombasa huna gari. Unatafuta teksi kama abiria mwingine yeyote. Mafuta nayo ni lita 30 na ushee kwa saa, tena ya ndege, ghali kuliko ya gari. Na vile viti vinne visikudanganye. Jaza matangi, pakia watu wazima wanne na mizigo yao, utakuwa umepita uzito unaoruhusiwa. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jua la mchana likiwaka hewa huwa nyepesi na injini hukosa nguvu, kwa hiyo hapo si mahali pa kubahatisha.

Lakini hayo yote ni gharama, na mwenye pesa atalipa. Kinachonisumbua mimi ni Jumapili jioni. Mawingu yamefunga njia ya kurudi, kesho kuna kazi. Dereva hupunguza mwendo, au husimama Voi akalala. Rubani wa leseni ya kawaida, asiyeruhusiwa kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo, hana pa kuegesha huko juu. Uamuzi wake lazima aufanye akiwa bado chini, na uamuzi sahihi mara nyingi ni kubaki. Mwenye kikao cha Jumatatu asubuhi ndiye anayejishawishi kwamba yatafunguka tu. Basi chombo tunachokisifia kwa kasi kinamtaka mtu anayeweza kuchelewa siku nzima bila kufokewa na mtu. Wangapi tunao huo uhuru?

Lamu ni habari nyingine. Kwa barabara unazunguka Mombasa, Malindi na Garsen hadi Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, siku nzima na zaidi, na kuna vipindi magari hulazimika kwenda kwa msafara wa polisi. Kwa ndege ni saa mbili na kidogo hadi Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wa ndege, kisha boti. Hapo nakubali bila ubishi, na kama wapo watatu wa kuchangia mafuta, mimi wa nne nitakuja na begi dogo. Ya Mombasa niacheni na treni: saa tano hivi, na hakuna anayeniuliza nina kilo ngapi.