Ekzosi Fupi, Bei Ndefu

Jamani, kitambaa ukikatiwa kifupi, bei inashuka. Kamba vilevile. Ila njoo kwenye hizi pikipiki kubwa za safari ndefu, zenye masanduku ubavuni: ekzosi fupi, yaani bomba la moshi nusu ya lile lililokuja na pikipiki, inakukamua mpaka senti ya mwisho. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa unalipia wepesi. Yaani nalipia kitu ambacho hakimo!

Haya, ni kweli ile ya kiwandani ni nzito, ndani imejaa vyumba vya chuma vya kumeza kelele. Hii mpya unainyanyua kwa mkono mmoja huku unapiga simu. Lakini pikipiki yenyewe ina kilo zaidi ya 200, juu yake hema, jiko, dumu la maji, halafu mimi na kitambi changu. Hizo kilo chache zilizopungua nani atazihisi? Tairi?

Tuje kwenye kufunga. Karatasi ya maelekezo ina picha na mshale: toa bolti. Bolti yenyewe ni ya klampu, imekaa huko chini ikila matope tangu pikipiki inunuliwe, imefunga ndoa na nati yake na talaka haitaki. Mwagia mafuta, subiri, gonga, mwagia tena. Inapotoka, inatoka na vipande vya gasketi, ile pete ya kuziba moshi usivuje kwenye kiungo. Kwenye boksi gasketi mpya hamna. Stika zipo, tena za kumwaga.

Halafu zile springi za kuishikilia ekzosi kwenye bomba linalotoka kwenye injini. Aliyezibuni ana ugomvi na wanadamu. Unavuta kwa plaizi, inakaribia tundu, inakaribia, tyuu! Imeruka. Unapiga magoti na tochi. Fundi anakuja, anapitisha kamba kwenye ndoano ya springi, anavuta mara moja, tak! Imeingia. Anakutazama, hasemi kitu. Bora angesema.

Na usiwashe bado! Futa kwanza kwa spiriti, maana alama za vidole zikipikwa na moto zinaganda kwenye chuma. Nimelifuta bomba la moshi kuliko ninavyofuta miwani yangu.

Tumewasha, inanguruma vizuri, sibishi. Mdomoni kuna kizibo cha kupunguza kelele, kimeshikwa na skrubu moja, na kila anayepita ananiambia nikitoe. Wao ndio watakaokesha barabarani na ule mngurumo ndani ya helmeti? Kizibo kinabaki. Hata hivyo nikiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko, pa! pa-pa! Watu wanainama.

Kinachoniuma zaidi ni sanduku la upande wa ekzosi. Fremu yake imepindishwa nje kuipisha ekzosi ndefu, na haina habari kwamba ndefu imeshaondoka. Bado limetokeza kuliko mwenzake. Juu ya hapo, mdomo wa ekzosi sasa unaishia mbele ya sanduku na kulipulizia moja kwa moja. Nikifika, nguo zimeshapigwa pasi na zinanukia gereji.

Fundi anasisitiza ile ya zamani nisiitupe: wakaguzi wanaweza kuikataa hii, na siku ya kuuza mnunuzi ataulizia ya kiwandani. Sawa, nikachukua boksi la ekzosi mpya niihifadhi humo.

Boksi nalo fupi.