Accoucheur si mkunga yeyote tu

Makala ninayoijibu hapa, inayozungumzia wakunga, imetafsiri neno la Kifaransa accoucheur kuwa "mkunga" na kuishia hapo. Haitoshi. Shina lake ni couche, malazi. Kitenzi accoucher kilianza na maana ya kulala kitandani, baadaye kikabaki na ile ya kujifungua. Accoucheur ni mwanamume, mara nyingi daktari wa upasuaji, wa aina walioanza kuitwa kwenye uzazi wa ikulu na wa matajiri Ufaransa karne ya 17. Mwanamke ni accoucheuse, jina lililofika Congo na Wabelgiji na ambalo wauguzi wa uzazi huko wanalo hadi leo. Ufaransa kwenyewe husema sage-femme, yaani mwanamke mjuzi. Tangu 1982 wanaume nao wanaruhusiwa kuifanya kazi hiyo, kwa jina hilohilo.

Kinachoniuma ni kwamba wakunga wanawake wametajwa kwenye makala hiyo kama watu wasio na elimu. Angélique du Coudray, mkunga, alipewa kibali na mfalme Louis XV mwaka 1759, akazunguka mikoani kufundisha kwa nyonga ya kitambaa na ngozi, yenye kamba za kukaza na kulegeza njia ya uzazi, pamoja na mtoto wa bandia. Wanafunzi walirudia mikao migumu mpaka mikono ikazoea. Na ilibidi, kwani mtoto aliyelala kikingama, bega likiwa mbele, hatoki kwa kuvutwa mkono. Ukivuta unazidi kumkwamisha. Mkunga aliingiza mkono taratibu, akatafuta miguu, akamgeuza, ndipo akamtoa. Mfano mmoja wa nyonga hizo umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Rouen.