Nilivyomfungia Maji Mkwe wa Mwenye Nyumba

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameshatangaza barazani kwamba nilimkatia maji bibi wa watu akiwa na povu kichwani, naona afadhali habari hii muipate kwangu, maana yeye ametia chumvi nyingi na bado ameliacha lile la aibu zaidi, kwamba nilikosea mara mbili.

Ghorofa yenyewe iko Tudor, Mombasa, ina nyumba 16, na kila nyumba ina koki yake inayofungwa kwa umeme. Mtambo wa daftari la kodi hutoa baiti mbili, yaani makundi mawili ya biti (tarakimu za 0 au 1) nane nane, ambamo kila biti ni nyumba moja, 1 ni mdaiwa na 0 amelipa, na biti ya kushoto kabisa ni nyumba ya kwanza. Nilizitia baiti hizo kwenye BitSet.valueOf, kifaa cha lugha ya programu ya Java kinachogeuza baiti kuwa orodha ya biti, ili programu yangu ijue koki za kufunga, nikaenda zangu kunywa kahawa. (Wenzangu wa kazi, msicheke mapema.) Majaribio nilikuwa nimeyafanya kwa baiti 0x81 na 0x18 (yaani 10000001 na 00011000), ambazo, ole wangu, biti zake husomeka vilevile ukianzia kulia au kushoto.

Jumatano, magharibi ikikaribia, mdaiwa akiwa wa nyumba ya pili, Mzee, mwenye nyumba, alisimama nyuma yangu uani, akaniwekea mkono begani, akasema, "Haya mwanangu, bismillahi." Nikabonyeza. Koki ikalia tak. Tukainua macho kumtazama mdaiwa, aliyekuwa roshanini akimwagilia maua kwa mpira. Tukangoja. Maji yakazidi kumiminika. Kisha dirisha la bafu la nyumba ya saba likafunguka polepole, kikatokeza kidole, ukafuata mkono uliojaa povu, halafu kichwa cheupe pe kwa sabuni, macho yamefumbwa, na sauti ya mama mzazi wa mkewe Mzee: "Ni nani huyo aliyefunga maji?" Nikahisi mkono wa Mzee ukiniondoka begani, kidole kimoja kimoja.

Kwa kiherehere nikajiambia kuwa mpangilio umepinduka, nikaigeuza safu ya baiti, ya pili ikawa ya kwanza, nikabonyeza tena. Nyumba ya saba ikapata maji, ikafungwa ya 15, ambako babu mmoja alikuwa katikati ya udhu. Alitoka mguu mmoja umelowa, mwingine mkavu, akanitazama bila kusema neno, na laiti angesema.

BitSet huanza na baiti ya kwanza, lakini ndani ya kila baiti huhesabu kuanzia biti ndogo kabisa, iliyo kulia, na hayo yameandikwa waziwazi katika maelezo yake tangu Java 7 ya mwaka 2011. Ndiyo sababu nyumba ya 2 ilisomeka kuwa ya 7. Na nilipogeuza baiti bila kugusa biti zilizomo, niliisukuma tu hatua nane mbele. Ni sawa na mtu anayefunua kurasa kama za kitabu cha Kizungu, kisha kila mstari akausoma kutoka kulia. Nami niliyekula bakora za maalim chuoni kwa kuanzia upande usio wake sikulitambua hilo.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, wa kubadilishana biti za nafasi ya 0 na 7, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4 ndani ya kila baiti. Radhi nimeomba kwa wote wawili. Nyumba ya pili ilifungiwa maji saa mbili usiku, mdaiwa akiwa ameshajaza mapipa yake yote.