Ukizamia Pweza, Nani Yuko Juu?

Ubishi wa kama pweza avuliwe peke yako au na mwenzio hauishi, kwa sababu wanaobishana wanazungumzia kazi mbili. Kuna anayetembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, na kuna anayezama kwenye miamba ya nje kwa miwani na mapezi ya mpira. Wote wanarudi na pweza, lakini hatari zao hazifanani hata kidogo. Kwa miguu, nenda peke yako ukitaka. Kwa kuzama, asiye na mwenzi asiingie, na mwenzi asiyekutazama ukiwa chini mhesabu kuwa hayupo.

Nianze na la miguu, ni jepesi. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji ya Unguja hukupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye mchokoo wake, ile fimbo ya kuchokolea pweza shimoni, anajua mashimo yake. Pweza akitolewa kwenye shimo zuri, baada ya siku kadhaa mwingine huweza kuhamia humo humo, ndiyo maana mashimo hayatajwi ovyo, na kina mama wengi wa pwani hupendelea kutembea mbalimbali. Wana haki. Kinachomuua mtu wa miguu ni maji yanayojaa nyuma yake, kwenye mkondo uliopo kati ya mwamba na ufuo, na hilo linaepukika kwa hesabu. Tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu 90. Saa ile ya kwanza ndiyo inayodanganya watu, kwa kuwa bahari inaonekana kama imelala. Maji yakigeuka, geuka nayo. Mkienda zaidi ya mmoja, kaeni umbali wa kusikiana mkiita, basi.

Kuzama ni jambo jingine, na hapa sitaki kulegeza neno. Kinachokusukuma kutaka kuvuta pumzi ni kaboni dayoksaidi inayojikusanya mwilini. Kupungua kwa oksijeni hakukupi onyo la kutosha. Anayehema haraka haraka mara ishirini kabla ya kuzama haongezi oksijeni ya maana. Anachofanya ni kuitoa ile kaboni dayoksaidi, yaani ananyamazisha kengele. Akifika mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni inasukumwa kwenye damu na anajisikia mzima. Akianza kupanda, shinikizo linashuka, na katika mita chache za mwisho ubongo unakatikiwa oksijeni. Wengi huzimia hapo, au juu kabisa wakiwa wameshavuta pumzi moja au mbili. Hakuna maumivu wala kupapatika. Mtu analala tu, uso majini. Aliye peke yake hufa kwa ajali ambayo mwenzi angeimaliza kwa sekunde chache.

Kanuni ni fupi: mmoja chini, mmoja juu. Wa juu anaweka uso majini na hamwachi mwenziwe kwa macho tangu anapozama. Mwenziwe akiibuka, anaendelea kumtazama usoni kwa sekunde 30 kamili, kwa sababu hatari haiishi kichwa kinapotoka majini. Kisha zamu inabadilika. Aliyekaa chini dakika moja apumzike juu angalau dakika mbili. Kina mnachozama ni kile ambacho aliye dhaifu kati yenu anaweza kukifikia na kurudi amebeba mtu. Maji yakichafuka hata wa juu asimwone wa chini, siku imekwisha.

Pweza mwenyewe ndiye anayevunja kanuni hizi. Umeliona shimo: maganda ya kaa na chaza yametupwa mlangoni, vijiwe vimepangwa, jicho linachungulia. Umemgusa kwa chuma cha kwanza, amekishika, umemchoma kwa cha pili, naye ameshikilia jiwe kwa mikono minane. Pumzi imekwisha lakini unajiambia vuta mara moja tu. Mvuto huo mmoja umezamisha watu wengi. Wenye mwenzi wana jibu: chuma kiwe na kamba yake na kiboya kidogo, kiache shimoni, panda. Mwenzio akishakuangalia zile sekunde 30, anashuka kuendelea ulipoishia wakati wewe unamlinda. Pweza hapati nafasi ndefu ya kujikaza ndani, na shimo halipotei. Wawili wanaofanya hivi hutoa pweza ambao mtu mmoja angewaacha.

Sasa nifike kwenye kinachovunja ushirika, nacho ni mgawo. Wazamiaji wakigawana kwa mtindo wa kila mtu na chake, anayelinda anapoteza. Kila dakika anayomtazama mwenziwe ni dakika ambayo hapati kitu, na mnunuzi ufuoni anapima kilo, hapimi ulinzi. Siku ya kwanza atakulinda vizuri. Siku ya tatu ataona shimo pembeni na atazama wakati wewe uko chini. Huwezi kumlaumu sana, maana mpango wenyewe unamwadhibu kwa uaminifu. Kwa hiyo samaki wote na pweza wote viingie kwenye kapu moja, vipimwe pamoja, fedha igawanywe nusu kwa nusu, hata kama mmoja ametoa sita na mwingine mmoja. Asiyekubali mgawo huu hafai kuzama nawe, hata akiwa ndugu wa damu.

Ustadi wa kumtoa pweza usiwe kigezo cha kwanza cha kumchagua mwenzi. Fundi mkubwa mara nyingi ndiye asiyetazama nyuma. Mjaribu kwenye maji ya mita 3 au 4. Kila unapoibuka, angalia kama uso wake unaelekea kwako. Msikilize kama anaweza kusema "leo kifua kizito, sizami". Pumzi zenu zikaribiane, la sivyo mwenye pumzi fupi atajikaza ili asiaibike.

Umri nao una tatizo lake. Kijana akizama na baba mdogo wake haoni rahisi kumwambia, "Baba, tutoke." Heshima hiyo ni njema barazani, majini inaua. Kubalianeni mkiwa bado ufuoni kwamba wa kwanza kusema tutoke ndiye anayesikilizwa, na hadaiwi sababu.

Mwenzio akizimia: mgeuze chali, uso nje ya maji, fungua mkanda wa chubwi, yaani vile vizito vya kumshusha mzamiaji, uuache uzame, vua miwani yake, mpulizie usoni, mpige kofi jepesi shavuni, mwite jina. Wengi huamka hapo. Asipopumua, ziba pua na umpulizie pumzi kinywani palepale majini, kisha mvute kwenye chombo. Aliyezimia hazami tena siku hiyo, hata akiapa kuwa yuko sawa.

Chubwi zisizidi: ukitoa pumzi yote ukiwa juu, bado uelee. Dumu la lita 5, la manjano, lifungwe kamba ndefu kuliko kina, ili boti za mashine ziwaone. Mlinzi wa mtumbwi ni msaada mkubwa, ila hahesabiwi kuwa mwenzi kwa sababu haoni chini ya maji.

Na wote wawili mjue wa kumwacha: pweza chini ya gramu 500, na jike aliyetundika mayai kwenye dari ya shimo. Huyo hali, anayalinda mpaka yaangue, kisha hufa.

Asubuhi ambayo mwenzio hakutokea, mapezi yabaki ukutani. Chukua mchokoo, angalia saa ya kupwa, nenda kwa miguu.