Bomba lililo chini ya kiwanja nalo lina bei yake

Madalali wetu wa Tabora wana wimbo mmoja: maji yapo, umeme upo, barabara hii hapa. Mnunuzi akifika Ipuli au Kiloleni anafunguliwa koki ya uani, maji yanatoka, kila mtu anatabasamu. Sijasikia dalali akiulizwa hayo maji yamepita wapi mpaka kufika pale. Kwa maoni yangu huko ndiko pesa inakopotelea, ya muuzaji na ya mnunuzi pia.

Kwamba maji yanapandisha bei sibishani na mtu. Waliozoea kutegemea bwawa la Igombe wanajua ilivyokuwa kabla mradi wa Ziwa Victoria haujazinduliwa mwanzoni mwa 2021. Siku hizi kiwanja chenye dira ya maji hakikai sokoni kama kisicho nayo. Ila kuna bomba linaloishia kwako, na kuna bomba linalopita tu likienda kwa mwingine. Hilo la pili ndilo halitajwi siku ya kuonyeshana mipaka.

Kuna jamaa mtaani kwetu alinunua kiwanja kizuri, kimenyooka, bei ya kuridhisha. Vijana wakaanza kuchimba msingi. Hawajafika hata magotini, sururu ikatoboa bomba jeusi la plastiki. Maji yakaruka, mtaro ukajaa tope, na papo hapo akatokea mama wa nyumba ya nyuma, kanga kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona mmenikatia maji?"

"Mama yangu, bomba lako linafanya nini kwangu?"

Kumbe aliruhusiwa na mwenye eneo wa zamani, kwa mdomo tu, enzi hizo pale pote ni shamba la mihogo. Muuzaji hakusema, na sidhani hata alikuwa anakumbuka. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, fundi bomba akaitwa, ubishi ukawa nani alipe gharama ya kulihamishia pembeni. Mama alikuwa na haki ya kulalamika, na jamaa naye alikuwa na haki ya kujenga kwenye kiwanja alicholipia. Siku zikapita, saruji ikiwa stoo.

Plastiki yenyewe si ghali. Kinachokula bei ni ile ardhi usiyoweza kuijengea. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, bomba likikatiza katikati, ramani nzima ya nyumba inabidi isogee. Likifuata mpaka, halimsumbui mtu. Kwa hiyo mnunuzi akigundua bomba la jirani kabla ya kulipa, asikimbie. Aulize limepita wapi, liko kina gani, na likipasuka nani anachimba. Halafu ashushe bei kwa kiasi cha kulihamisha, au makubaliano na jirani yaandikwe na kusainiwa kabla ya mauziano. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua haki ya mtu kupitishia huduma kwenye ardhi ya mwenzake, na haki hiyo inaweza kuandikishwa. Sisi tunamalizana kwa "haina shida, jirani", mpaka mmoja auze au afariki, watoto waanze kugombana.

Bomba kubwa la mamlaka ya maji ni habari nyingine. Hapo hakuna kubembelezana, hujengi juu yake, basi. Na ukielekea Nzega na Igunga kuna la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Ukanda wake wa mita 30 ulitwaliwa kwa fidia, kwa hiyo angalau kila mtu anajua ulipo. Hatari zaidi ni lile bomba dogo lisilojulikana na yeyote ila aliyelifukia.

Nyumba za zamani za katikati ya mji nazo zina yao. Mabomba ya chuma huota kutu kwa ndani, njia ikabana, maji yakafika kama mate hata presha ya mtaani iwe nzuri. Rangi mpya ukutani haitibu hilo. Fungua koki mbili kwa pamoja uone. Na miembe yetu, pamoja na sifa zote tunazoipa, mizizi yake inafuata unyevu mpaka kwenye maungio ya bomba la majitaka. Ukikuta mwembe mnene umesimama kati ya choo na shimo la maji machafu, omba chemba ifunuliwe. Muuzaji akinuna, hiyo nayo ni taarifa. Usisahau dira pia: bomba la baada ya dira ni lako kulitengeneza, na bili ya nyuma isipoulizwa mapema itakusubiri.

Kwa anayejenga sasa hivi, kabla fundi hajafukia mtaro, laza futi kamba kutoka kwenye jiwe la mpaka hadi kwenye bomba na upige picha kwa simu, namba zisomeke. Zichapishe, zitie kwenye bahasha moja na hati. Mimi ningekuta bahasha ya namna hiyo kwa muuzaji, ningemwongezea pesa bila dalali kunisukuma.