Maji yanayogeuka nyuma ya ukuta: kitambaa au changarawe?

Ukuta wa bahari mara nyingi huharibika kuanzia mgongoni. Mchanga wa nyuma unatoroka kidogo kidogo kupitia mianya ya mawe, ardhi inabonyea, na ukuta unakosa kitu cha kuegemea. Kichujio kati ya udongo na mawe huwekwa kuzuia hilo. Kinatakiwa kishike udongo lakini kiachie maji, na mambo hayo mawili yanavutana.

Wanaotetea kitambaa cha jiotekstaili, yaani kitambaa cha plastiki kinachopitisha maji, wana hoja nzito. Ni chepesi kusafirisha, kinatandazwa haraka, na matundu yake yanajulikana tangu kiwandani. Maji yakipita upande mmoja tu, kama kwenye mfereji wa barabara, punje kubwa hujipanga nyuma ya kitambaa na kuzuia zile ndogo. Baada ya muda udongo unajichuja wenyewe.

Pwani ya Lindi na Mtwara maji hayaendi upande mmoja. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila maji yakigeuka, mpangilio ule wa punje unatikisika. Watetezi watajibu kwamba maji huchukua kama saa 6 kujaa na kama saa 6 nyingine kupwa, muda wa kutosha punje kujipanga upya. Kwa ghuba iliyokingwa kama Mikindani, nakubali. Lakini nenda Msimbati, ufuko unaotazama bahari kuu, wakati wa upepo wa kusi: wimbi hugeuza maji kila baada ya sekunde chache. Hapo kitambaa kinabaki peke yake, kwa hiyo matundu yake lazima yawe madogo zaidi.

Na matundu madogo yana gharama. Mto Lukuledi unamwaga tope kwenye ghuba ya Lindi, na tope laini linaweza kuziba kitambaa. Bahari ikipwa haraka kuliko udongo unavyotoa maji, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi, maji yaliyonaswa ndani husukuma kutoka nyuma na kuinua kitambaa pamoja na mawe mepesi yaliyo juu yake.

Changarawe iliyopangwa kwa saizi haizibwi kwa urahisi hivyo, na uzito wake unaukandamiza udongo. Kanuni ya Karl Terzaghi, mhandisi wa udongo, inapima hivi kama changarawe itashika udongo: saizi ambayo asilimia 15 ya changarawe ni ndogo kuliko hiyo isizidi mara 4 ya saizi ambayo asilimia 85 ya udongo ni ndogo kuliko hiyo. Tatizo ni kuchekecha, na zaidi kuitandaza chini ya maji bila wimbi kuichukua.

Mimi ningechagua changarawe peke yake penye tope, mahali palipokingwa. Kwenye fuko za kusi ningetandaza kitambaa, kisha changarawe juu yake kabla ya mawe makubwa. Mawe yakikaa moja kwa moja juu ya kitambaa, hukitoboa, na kati ya jiwe na jiwe kitambaa huachana na udongo. Mchanga huanza kuhamia kwenye nafasi hiyo.