Uzazi Zanzibar: tuwakabidhi wakunga au wote tuwapeleke hospitali?

Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa waraka wa kuzihimiza nchi zihamie kwenye huduma ya uzazi inayoongozwa na wakunga. Mkunga mmoja, au timu ndogo ya wakunga wanaojuana, amshike mama tangu mimba, amzalishe, amuangalie baada ya kujifungua, na daktari aitwe pale mambo yanapoharibika. Miaka sita nyuma, 2018, tume ya jarida la Lancet Global Health iliyochunguza ubora wa huduma za afya ilielekea kwengine: katika nchi maskini, vituo vidogo viache kuzalisha na wazazi wapelekwe hospitali zenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Kenya wakalichukua wazo hilo kulijaribu katika kaunti ya Kakamega.

Kwa Zanzibar wazo la pili linavutia kuliko linavyoonekana mwanzo. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba haifiki 70. Huko Pemba, kutoka Micheweni hadi hospitali ya Wete, gari ya wagonjwa ikiwepo na ikiwa na mafuta, si safari ya kutisha. Na hoja ya kitabibu ni nzito. Mwanamke aliyekuwa mzima anaweza kuanza kuvuja damu baada ya kujifungua akafariki ndani ya saa chache, na hakuna mkunga, awe hodari vipi, atakayejua mapema kuwa ni yule. Isitoshe, kituo kinachozalisha wanawake wachache kwa mwezi humpunguzia mkunga wepesi wa mkono. Akija mama mwenye kifafa cha mimba, huenda ndiye wa kwanza kumuona mwaka mzima.

Lakini visiwa vyetu vina visiwa vyao. Mzazi wa Kojani, Fundo au Tumbatu hapakiwi gari, anapakiwa chombo. Kisiwa cha Uzi kwa miaka mingi kimekuwa na njia inayopita kwenye mikoko, na maji yakijaa hufunikwa. Mtu akishikwa na uchungu usiku, upepo umekaza, hoja ya kilomita haina maana. Mkunga wa hapo anaongoza uzazi iwe kuna waraka wa WHO au hakuna, kwa kuwa hayupo mwengine.

Na huko hospitali tunakotaka kuwapeleka wote kukoje? Tunayo picha moja iliyofanyiwa utafiti, na ni ya hapa kwetu. Watafiti wa PartoMa, mradi wa kuboresha huduma za uzazi uliofanyika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, katikati ya muongo uliopita, walikuta mzalishaji mmoja akihudumia wanawake watatu hadi sita wenye uchungu kwa wakati mmoja. Partografu, ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu na mapigo ya moyo wa mtoto, haijazwi inavyotakiwa katika hali hiyo, na ikijazwa mara nyingine hujazwa mambo yakishapita. Ukiwaongeza wazazi wa shamba bila kuongeza watu, umewasogeza karibu na chumba cha upasuaji, lakini hakuna aliyepata nafasi ya kugundua kuwa wanakihitaji.

Kilichofuata kinanishawishi kuliko takwimu za dunia. Wahudumu wenyewe, wakunga na madaktari, walishirikishwa kuandika mwongozo mfupi wa mfukoni unaolingana na hali ya wodi yao, kisha yakawa yanafanyika mafunzo mafupi kila baada ya miezi michache, nje ya saa za kazi, bila posho. Vifo vya watoto wanaozaliwa wafu vilishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Bila posho! Anayejua semina zetu zinavyoendeshwa atalisoma neno hilo mara mbili.

Takwimu za dunia nazo ni kubwa: makadirio ya mwaka 2020 yanasema huduma kamili za wakunga zingeweza kuokoa maisha milioni 4.3 kila mwaka ifikapo 2035. Ila yale ni makadirio ya mkunga aliyefunzwa, mwenye vifaa na wa kumpokea mgonjwa wake. Na majaribio yaliyothibitisha ubora wa mama kubaki na mkunga yuleyule yamefanyika zaidi Uingereza, Australia na nchi nyengine zenye uwezo. Tusiyabebe mazima mazima.

Oksitosini, sindano ya kuzuia damu kuvuja, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ya kituo ikizimika kwa muda mrefu kwenye joto, dawa inaweza kupoteza nguvu na kichupa kikabaki kilekile, maji meupe, lebo safi. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mkunga akichoma dawa iliyokufa na mama akaendelea kuvuja, familia itamlaumu nani?

Mimi naegemea upande wa wakunga, kwa masharti. Uzazi mwingi uende kwenye hospitali 10 za wilaya zilizojengwa kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kipindi cha UVIKO-19, na humo wodi ya wazazi iongozwe na mkunga, chumba cha upasuaji kikiwa jirani. Visiwa vidogo vibakie na wakunga wao, pamoja na boti yenye mafuta na nahodha wa zamu ya usiku.

Sharti gumu halihusu majengo. Kwetu muuguzi na mkunga hufunzwa pamoja, na akishaajiriwa anaweza kupangwa wodi yoyote: leo wazazi, mwakani majeruhi. Mama aliyehudhuria kliniki kwa mkunga fulani siku ya uchungu anapokewa na mwengine. Wanawake wengi wa Pemba wanataka wazalishwe na mwanamke mwenzao, tena wanayemjua, na hiyo ni sababu mojawapo ya mkunga wa jadi kuendelea kuitwa nyumbani. Kuwapanga wakunga wa kudumu kwenye uzazi hakuhitaji mkopo. Kunahitaji wakuu wa hospitali wakubali kupungukiwa na watu wa kuziba mapengo ya wodi nyengine, na hapo ndipo ninapotarajia upinzani.